Nilipokuwa Mama wa Baba Yangu

Siku hizi mafuta ya nyonyo yamekuwa mafuta ya nywele. Juzi nilikuwa soko la Majengo natafuta nyanya, binti mmoja wa kibanda cha vipodozi akafungua kichupa akanisogezea puani. "Nusa dada, hii nyonyo asilia, inaotesha hata pale palipokataa." Nikanusa. Mkono wangu wa kulia ukajikunja wenyewe kama umeshika kitu. Nadhani na uso ulibadilika, maana yule binti alirudi nyuma, akafunga kichupa chake na kusema basi, kama sitaki si lazima.

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku kwetu mnajua kwamba zamani nyonyo haikuwa ya nywele. Ilikuwa ya kulainisha ngozi za kulalia, na ilikuwa ya fimbo. Fimbo isiyopakwa mafuta hupasuka kwa jua la Dodoma. Kwetu Nzuguni, ile Nzuguni ya mashamba ya mtama na nyumba mojamoja, si hii ya lami na fremu za maduka, kulikuwa na fimbo imelazwa juu ya misumari miwili ukutani sebuleni. Ilikuwa ya bibi, mama mzaa baba. Bibi alikufa kabla sijazaliwa, lakini fimbo yake ilipakwa nyonyo kila Jumapili baada ya kanisa, na aliyeipaka ni baba mwenyewe, kwa kiganja, taratibu, kama anaogesha mtoto mchanga. Mama hakuruhusiwa hata kuifuta vumbi.

Bibi aliitwa Sechelela. Kwa Kigogo ni kama kumwambia mtu afurahi, ila sijasikia habari za mtu aliyefurahi mbele ya bibi yangu. Alichunga ng'ombe bega kwa bega na wanaume. Alimvunja mwizi wa mifugo mkono wa kushoto, na alipoona mwizi anakimbia na ule wa kulia mzima, akasikitika. Wanawe aliwachapa mpaka wakaota ndevu. Baba alikuwa na kovu nyuma ya sikio, limevimba kama kamba, na wageni wakija aliligeuza upande wa mwanga walione. "Mama yangu huyo," alisema. "Hakuwa na mchezo." Alilisema hilo kwa fahari, na mimi nikajua kupigwa na mama yako ni jambo la kujivunia.

Baba alichoma nyama mnadani Msalato. Kule alipendwa. Alikuwa na maneno matamu kwa wateja, mkono mwepesi wa kukata, na hakuna aliyemshinda kuchagua mbuzi mnono. Jumamosi jioni alirudi na nyama kwenye gazeti na pombe kichwani. Tulikula kwanza. Kipigo kilifuata chakula, na kilianza na swali. Chumvi iko wapi. Nani alipita hapa mchana. Mbona unanitazama hivyo. Hakuna jibu lililokuwa sahihi. Alimpiga mama kwa ngumi, kwa mkanda, na siku moja kwa kuni iliyokuwa bado inafuka moshi. Siku nyingine alimshika nywele akamburuta kutoka jikoni hadi kwenye banda la kuku, na zile nywele zilipong'oka alizitupa chini akajifuta mkono kwenye suruali, kama mtu aliyeshika uchafu. Mpaka leo nyama ya mbuzi nakula vizuri sana, ila Jumamosi usinipe.

Mama hakupiga kelele. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na mama yangu alikuwa kata haswa. Aliuma upindo wa kanga na kupokea. Mimi ndiye niliyepiga kelele, lakini saa zangu zilikuwa za usingizini. Nilikuwa naamka nimesimama kitandani, nimelowa, natazama mlango na kulia mpaka mbwa wa majirani wanaitikia. Ningeweza kulia hivyo hadi alfajiri. Mchana niliuma watoto wenzangu.

Sasa sikilizeni walivyotibu. Baba alimwita shangazi, dada yake mkubwa, aliyekuwa anakaa kijijini upande wa Bahi. Akaja na furushi la mlenda mkavu na uso wa mtu anayejua. Alinitazama siku ya kwanza nikilia, akasema, "Huyu anateseka bure. Analilia jina." Kwetu mtoto anayelia bila ugonjwa hudhaniwa kuna marehemu anataka kuitwa kupitia kwake, na yeye mtoto amepewa jina ambalo si lake. Mimi nilikuwa Neema. Jina hilo alinipa mama.

Basi nikakalishwa kwenye ngozi katikati ya sebule. Shangazi akakoroga unga wa mtama kwenye maji, akawa ananinyunyizia kifuani huku anataja wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na kila jina akingoja kidogo. Nikalia kwa babu. Nikalia kwa shangazi zake wote. Alipofika kwa Sechelela koo langu lilikuwa limekauka na nilikuwa nimebanwa na mkojo, nikanyamaza nifikirie namna ya kuomba ruhusa. Shangazi akapiga kigelegele. Baba alipiga magoti mbele yangu na machozi yakamtoka. Haki ya Mungu, kama ningebanwa mapema kidogo ningeitwa jina la babu.

Kuanzia hapo jina Neema likapigwa marufuku nyumbani. Baba akawa ananiita mama. Ni desturi, mtoto mwenye jina la mama yako ni mama yako, na watu hutaniana kwa hilo siku nzima. Asubuhi alisimama mlangoni kwangu akainamisha kichwa: "Shikamoo mama." Alinifundisha kujibu, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Majirani walikufa kwa kicheko. Nilikuwa na umri wa mtoto anayeng'oka meno ya mbele, na mtu mzima mwenye ndevu ananipa shikamoo.

Wao walikuwa wanatania. Mimi sikutania. Nilikaa nikapiga hesabu za kitoto: bibi ndiye mtu pekee ambaye baba alimwogopa, mimi ndiye bibi, kwa hiyo nimeletwa nimnyooshe. Niliona jambo liko wazi kabisa, nikashangaa kwa nini hakuna anayelisema. Nilidhani ndiyo sababu mama aliniangalia kwa huzuni siku ile ya ngozi na unga. Nilidhani ananionea huruma kwa ukubwa wa kazi.

Jumamosi ya kwanza baada ya jina kubadilishwa, baba alimkaba mama shingo pale jikoni. Nikasimama mlangoni nikasema, "Mwache." Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, mate yamekauka pembeni mwa mdomo. Kisha akacheka. "Sawa mama, nimesikia," akamwachia, akaenda kukaa. Mama aliteleza ukutani mpaka chini akawa anahema kama mtu aliyetolewa mtoni. Usiku ule sikulia. Shangazi alifunga furushi lake akarudi Bahi, kazi imekwisha.

Jumamosi iliyofuata nilisema tena mwache, na hakusikia. Mama alikuwa chini, baba anampiga mateke ya tumbo, na kila teke alilisindikiza na neno moja la sentensi ambayo hakuimaliza. Damu ya mama ilikuwa kwenye mkeka. Nilipanda juu ya kigoda, nikaishusha fimbo. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, na inateleza kwa mafuta. Nikampiga mgongoni kwa nguvu zangu zote.

Baba aligeuka ameinua mkono ili anifagie. Halafu akaiona fimbo. Sijui aliona nini kingine nyuma yake, ila lile jitu la mnadani lilichuchumaa. Alificha kichwa katikati ya mikono miwili, akaanza kusema kwa Kigogo, lugha ambayo nyumbani hakuitumia, kwa sauti nyembamba ya mtoto: hatarudia, mama, hatarudia. Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimeona jinsi kipigo kinavyofanywa. Nikaendelea. Nilimpiga mikono, mabega, masikio, na kidole chake kimoja kilipovunjika nilikisikia, mlio wa kijiti kikavu, na ule mlio ulinipendeza. Mama alijivuta kwa magoti akanishika kiuno. "Inatosha," alisema. Nikamuuma mkono.

Baba aliwaambia watu alijikata na panga la kukatia nyama. Mbaya zaidi, alinifurahia. Alikaa na kidole kimefungwa tambara, anawaambia wanaume wenzake, "Mama karudi, nawaambieni. Mama karudi na mkono wake uleule." Mama hakupigwa kwa muda. Lakini mimi sikulala tena. Nilikaa chini nimeegemea mlango wa chumba chao, fimbo kwenye mapaja, nasikiliza pumzi zao. Wakasema mtoto amepona kwa kuwa halii. Nilikuwa silii kwa sababu nilikuwa macho.

Fimbo nikaanza kwenda nayo shule. Niliwachapa walionisukuma foleni ya uji, kisha wale ambao wangeweza kunisukuma. Mbuzi wa jirani nilimtoboa jicho. Siku moja msichana wa darasa letu, aliyenijua tangu zamani, akaniita kwa upole tu: "Neema, njoo tucheze." Nikampiga mdomoni. Meno mawili yalitoka, na hayakuwa yale ya utoto. Watoto wakasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na mwalimu mkuu akaninyang'anya fimbo na kuwaita wazazi wangu.

Ikatokea kwamba siku zile manesi walikuwa wanapita shuleni na dodoso, karatasi za maswali ambayo mzazi anaulizwa kuhusu mtoto wake: hasira zake, hofu zake, namna anavyocheza na anavyolala. Mwalimu mkuu akawaambia baba na mama wazi, mbele yangu. "Mtajibu maswali ya nesi. Akionekana ana tatizo, watamchukua asaidiwe. Majibu yakionyesha hana tatizo, basi ni utukutu, na mimi mtukutu wa kuvunja watu meno simtaki hapa." Hapo ndipo nilipojua kuna mtihani, na ukishindwa unafukuzwa. Ila nilielewa kwamba anayetahiniwa ni baba.

Tulikaa ofisini. Nesi alikuwa msichana mwenye miwani, amekuja kutoka mjini. Baba alikuwa amevaa koti la harusi. Mama alikaa nyuma yake kidogo, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi. Fimbo ilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu, inanuka nyonyo chumba kizima.

"Jina la mtoto?" nesi akauliza.

"Sechelela," baba alisema. Mama alitazama ndala zake.

Nesi akaeleza kwamba atasoma sentensi, nao wajibu si kweli, kweli kidogo, au kweli kabisa. Akaanza. "Mara nyingi hupandwa na hasira."

"Si kweli," baba alijibu.

"Hupigana na watoto wengine."

"Si kweli."

Nesi aliitazama fimbo. "Baba, kuna mtoto ametolewa meno."

"Hajapigana. Kapiga. Kupigana ni watu wawili."

Mwalimu mkuu alikohoa. Nesi akasoma sentensi nyingine: "Ana hofu nyingi, huogopa kwa urahisi."

"Mama yangu aogope nini?"

"Baba, nauliza habari za mtoto."

"Ndiye huyo. Amebeba jina la mama yangu. Mama yangu alipiga, na sisi sote tukawa watu. Andika si kweli."

"Hushtuka usingizini, huota ndoto za kutisha."

"Alikuwa analilia jina. Tukampa, akanyamaza. Si kweli."

Nilikuwa nahesabu majibu yake kwa furaha. Nilidhani anafaulu. Nilitaka afaulu, kwa sababu akishindwa angerudi nyumbani na hasira na mimi sina fimbo.

Nesi akainua macho. "Na wewe mama, unasemaje?"

Kwetu mgeni akija na maswali, mwenye nyumba ndiye anayejibu. Mwanamke anaweza kukaa hapohapo, anasikia kila kitu, na akasema tu kwamba baba yao ameshaeleza. Mama hakusema hata hilo. Nesi akaanza kuzikunja karatasi zake, na baba akashika magoti yake ili ainuke.

"Anza mwanzo," mama alisema.

"Mwanzo wapi, mama?"

"Sentensi ya kwanza. Isome tena, nesi."

Baba alicheka kidogo, kama mtu aliyeona kuku anaimba. Nesi akasoma habari ya hasira. "Kweli kabisa," mama alisema. Akasoma ya kupigana. "Kweli kabisa." Ya hofu. "Kweli kabisa. Anaogopa kuliko mtu yeyote ninayemjua." Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutikisika. Baba aliacha kucheka. Nesi alipofika kwenye usingizi mama hakungoja amalize. "Halali. Anakaa mlangoni kwetu ananilinda, mtoto wa umri huo. Na Jumamosi ndiyo kabisa."

"Kwa nini Jumamosi?"

Mama akafungua kitambaa. Pale nywele zilipong'olewa palikuwa pamebaki upara wa ukubwa wa kiganja, unang'aa, na pembeni yake kovu la ile kuni. Mwalimu mkuu alisema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini.

Baba alimpiga hapohapo. Kofi la mkono wote, mbele ya watu, mpaka kiti cha mama kikaanguka naye akaanguka nacho. Nilifika mezani kabla mwalimu hajasimama. Fimbo ilikaa mkononi kama haijawahi kutoka, nikaiinua, na baba, na koti lake la harusi, alikuwa ameshachuchumaa sakafuni, mikono juu ya kichwa, anasema kile Kigogo chake cha utotoni.

Mama aliinuka. Damu ilimtoka mdomoni ikadondokea kidevuni. Nilidhani anakuja kunipisha nipige vizuri. Akaja akasimama kati yetu, mgongo kwa baba, uso kwangu.

"Neema," alisema.

Nilikuwa sijaisikia sauti yake ikitamka jina hilo tangu siku ya unga.

"Weka chini. Wewe si mama yake. Mama yake alishakufa. Wewe ni mtoto wangu."

"Atakupiga," nikamwambia.

"Najua. Si kazi yako. Ni kazi yangu, na nimeshaianza."

Nilitaka kuiweka chini, mkono ukakataa. Alivifungua vidole vyangu kimoja kimoja, akaichukua fimbo akampa mwalimu mkuu. Ndipo nikaanza kulia, mchana kweupe, kilio kilekile cha usiku. Mama aliinua kiti chake, akakaa, akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga, akanivuta nikae mapajani ingawa nilikuwa nimeshakuwa mkubwa kwa hilo.

"Endelea, nesi," alisema. "Na hapo juu kwenye jina, futa. Anaitwa Neema."

Hatukurudi Nzuguni. Mwalimu mkuu alitutoa kwa mlango wa nyuma, tukaenda mtaa wa Kikuyu, hukohuko Dodoma, kwa mjomba, kaka yake mama, mtu mpole mwenye kitanda cha ziada na godoro la sufi. Nililala kwenye godoro hilo tangu mchana hadi asubuhi ya pili, na mjomba alikuwa anakuja kuweka kiganja puani kwangu kuhakikisha napumua. Sikupona kwa siku moja, msidanganyike. Nilipelekwa hospitali mara nyingi, nikachora, nikaongea, nikauma na watu wengine kadhaa. Ukali haukuniisha wote, waulizeni wanaofanya kazi na mimi.

Baba alikuja baada ya mvua za kwanza. Haikuwa Jumamosi, na alikuwa hajanywa. Nilikuwa nafagia uani, nikamwona amesimama nje ya geti la mjomba na nyama kwenye gazeti, mafuta yameshapenya karatasi. Alikuwa amekonda. Kidole kile kilikuwa kimeunga vibaya. Ndani ya nyumba mama aliacha kusonga ugali, nilisikia mwiko umetulia.

Baba aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akifanya mlangoni kwangu.

"Shikamoo mama," alisema.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa rahisi, nililizoea, na nilijua nikilitoa geti litafunguka na sote tutarudi kwenye ile nyumba, kila mtu na nafasi yake. Nililaza ufagio chini.

"Shikamoo baba," nikasema.

Aliutazama mkono wangu mtupu kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kichwa, akaning'iniza nyama yake kwenye nondo ya geti.

"Marahaba, Neema," alisema, akaondoka.